Mkanda wa Kijeshi Sokoni: Muhuri Husomwa Mwisho

Katika masoko ya mitumba ya Afrika Mashariki, kuanzia Memorial mjini Moshi hadi Gikomba jijini Nairobi na Kongowea kule Mombasa, mikanda ya zamani ya kijeshi hutokea kwa nadra, na aghalabu hutokea mahali ambapo mtu hakuitarajia: imefunga mdomo wa robota, imeshonwa kwenye mfuko wa shule badala ya mshipi uliokatika, au imetupwa chini ya meza pamoja na mabegi yaliyoharibika zipu. Ninazungumzia ile mikanda ya pamba nzito iliyofumwa kwa kubana sana, yenye ncha za shaba na mabizimu yasiyo na ulimi, ambayo askari walibebea risasi, chupa za maji na mikoba yao. Ukimuuliza muuzaji ni ya nani, hasa huku kaskazini mwa Tanzania, jibu huwa limekwisha andaliwa: "Hiyo ni ya Mjerumani, kaka, vitu vya zamani hivyo."

Mara nyingi si ya Mjerumani. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, waliopigana hapa kati ya 1914 na 1918 walivaa kwa kawaida mikanda na mikoba ya risasi ya ngozi, na mkanda wa pamba wenye shaba unaopatikana kwetu leo una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wa Kiingereza au wa mojawapo ya nchi zilizoiga Kiingereza, na wa Vita Kuu ya Pili au baada yake. Lakini kusema hivyo tu ni sawa na kubadilisha dai moja kwa dai jingine. Mkanda wenyewe una ushahidi wa kutosha, mradi mtu ausome kwa mpangilio unaofaa. Wengi hukimbilia muhuri wa wino, wakiona mwaka na herufi wanaridhika, wasipoona wanautupa. Mimi nashikilia mpangilio wa kinyume: ufumaji kwanza, kisha vipimo, kisha chuma, kisha rangi, na muhuri mwisho kabisa. Muhuri hufutika, hupakwa upya na hughushiwa. Ufumaji haughushiwi kwa urahisi, kwa sababu unahitaji mtambo ambao watu wachache sana wanao.

Historia yenyewe inaeleza sababu. Katika karne ya 19, Anson Mills, afisa wa jeshi la Marekani, alibuni mkanda wa kubebea risasi ambao baadaye ulifumwa pamoja na vishikizo vyake, bila kushonwa. Waingereza walipotoka katika vita vyao dhidi ya Makaburu, vya 1899 hadi 1902, walikuwa wamechoshwa na vifaa vya ngozi ambavyo vilinyooka vikilowa na kupasuka vikikauka. Mwaka 1908 jeshi lao likapitisha seti nzima ya mikanda na mikoba ya pamba, iliyobuniwa na Meja Burrowes wa kikosi cha Royal Irish Fusiliers kwa ushirikiano na kampuni ya Mills Equipment ya London. Ndiyo maana herufi M.E.Co. zinaonekana kwenye vifaa vingi sana vya Kiingereza vya vita vyote viwili. Karibu kila mkanda wa Kiingereza uliofuata, hadi miaka ya 1950, umezaliwa na wazo hilo moja: kwamba umbo la kifaa litoke kwenye mtambo wa kufumia, siyo kwenye sindano.

Chukua basi mkanda wa begani wa Kiingereza wa muundo wa 1937, ambao ndio unaopatikana kwa wingi zaidi kati ya mikanda ya enzi za vita. Ulaze mezani penye mwanga wa dirisha. Ncha zake zina upana wa inchi 1, yaani sentimita 2.5 hivi, lakini katikati, pale panapolalia bega, unapanuka hadi inchi 2. Sasa fuatilia kwa kidole ule mpanuko. Katika mkanda bora wa Kiingereza hakuna mshono wowote pale: nyuzi za mtande, zile za urefu, zinaachana taratibu, nyuzi nyingine zinaingia kati yake, na mshindio, yaani uzi wa upana, unaendelea kupita bila kukatika, hata ukingo unapinda kama bega la chupa. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na kila ninapouona hunishangaza kwamba ulifanywa kwa mamilioni ya vipande, wakati wa vita, kwa ajili ya askari ambaye hakuwa na nafasi hata ya kuutazama. Mmoja wa mikanda miwili ya jozi una kitanzi katikati, ambacho mwenzake hupitishwa ndani yake ili viungane mgongoni vikikatana. Ukikuta mkanda wenye kitanzi hicho, umekuta nusu ya jozi, na yafaa umuulize muuzaji kama nusu nyingine imo ndani ya robota.

Endapo pale kwenye mpanuko unaona mshono, yaani kipande kipana kimeshonwa juu ya mkanda mwembamba, usiseme haraka kwamba ni bandia. India, ambayo ilitengeneza vifaa vingi sana kwa majeshi ya Uingereza yaliyopigana Mashariki, ilitumia njia hiyo mara kwa mara wakati wa vita. Hata mikanda ya kiunoni ya Kihindi mara nyingi imeundwa kwa vipande vyembamba viwili vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu, kwa kuwa mitambo ya kufumia kipande kipana haikutosha. Ufumaji wake ni mkavu zaidi mkononi, nyuzi ni nene na hazilingani vizuri. Baadhi ya wakusanyaji huidharau mikanda hii. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mkanda wa Kihindi unaweza kuwa na maana kubwa kuliko ule mzuri wa London, kwa sababu askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, hao ambao wazee wetu waliwaita Keya, walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kisha Burma (Myanmar ya leo), na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Ugavi wa vita vya Burma ulitegemea India.

Vipimo havina maneno mengi, ila vinahitaji rula, kwa sababu macho hudanganya. Mkanda wa kiunoni wa 1908 una upana wa inchi 3, karibu sentimita 7.6, na ukiushika unajua mara moja kuwa ni mzito kuliko wa baadaye. Ule wa 1937 una inchi 2¼, yaani sentimita 5.7. Kwa bahati mbaya mkanda wa bastola wa Wamarekani, wa muundo wa 1936, una upana uo huo, na hapo ndipo watu huchanganya. Tofauti ni kwamba wa Kimarekani umetobolewa safu tatu za vitundu vyenye pete za chuma kote, wakati wa Kiingereza hauna kitundu hata kimoja. Marekebisho yake hufanywa kwa kulabu pacha kwenye ncha, ambazo hunasa ndani ya vijifuko vilivyofumwa upande wa ndani wa mkanda. Mgongoni una mabizimu mawili yaliyoinamishwa, tayari kupokea mikanda ya begani. Mkanda wa bunduki aina ya Lee-Enfield, ambao nao hupatikana sana, una inchi 1¼, na alama yake isiyokosewa ni ncha mbili za shaba zilizokunjwa kama midomo ya kulabu, moja kila upande. Wauzaji wengi huudhani kuwa ni mshipi wa begi.

Baada ya vipimo, chukua sumaku. Ile ndogo inayotoka kwenye spika mbovu ya redio inatosha kabisa. Shaba haivutwi. Mkanda wa Kiingereza wa kabla ya vita au wa miaka ya mwanzo ya vita huwa na shaba tupu, nzito, yenye kingo zilizolainishwa, na ndani ya bizimu, mahali ambapo mkono hauwezi kufika, huwa pana ukungu wa kijani uliokauka. Kadiri vita vilivyoendelea, chuma kilianza kuchukua nafasi ya shaba, kwa hiyo sumaku ikishika, hilo peke yake halimaanishi ubandia. Linalotia shaka ni chuma chembamba kilichopakwa rangi ya shaba juu juu, kinachobanduka na kuonyesha rangi ya fedha chini yake, hasa kama muhuri ulio kando yake unadai mwaka 1939. Vitu viwili hivyo haviendani. Nyakati nyingine shaba huwa imepakwa rangi nyeusi makusudi, ili isimetemete porini. Kwaruza kidogo mahali pa siri, utaiona njano.

Rangi ndiyo inayowapotosha watu wengi zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Pamba ya muundo wa 1937 ilitoka kiwandani ikiwa na rangi ya kaki iliyofifia, inayokaribia mchanga. Lakini askari hakuiacha hivyo. Alitakiwa kuipaka poda iliyogandishwa kuwa kipande, iitwayo Blanco, ya kampuni ya Pickering ya mjini Sheffield, ambayo hapo awali ilikuwa nyeupe na baadaye ikawa na rangi nyingi zilizopewa namba. Alilowesha burashi, akasugua kipande, akapaka mkanda wote, akaacha ukauke, kisha akasugua shaba hadi ing'ae. Akifanya hivyo wiki baada ya wiki kwa miaka, mkanda hujijengea ngozi nzima ya rangi juu ya rangi. Polisi wa kijeshi walipaka nyeupe. Kwa hiyo mkanda mweupe, wa kijani na wa mchanga unaweza kuwa ni mkanda mmoja kwa asili yake. Jeshi la anga la Uingereza ndilo lililokuwa na mikanda iliyotiwa rangi ya buluu ya kijivu, na rangi hiyo haina mpinzani wa kuichanganya nayo.

Ukitaka kuijua rangi ya asili, usikwaruze upande wa mbele. Sukuma bizimu kando utazame palipokuwa pamefunikwa nalo, au chungulia pale ncha ya shaba inapoubana mkanda. Ndani ya kijifuko cha kulabu pia panafaa. Kama chini yake kuna kijani kilichoingia hadi ndani ya uzi, si juu tu, basi huenda mkanda huo ni wa muundo wa 1944, ambao Waingereza waliuandaa kwa ajili ya vita vya msituni: mwepesi zaidi, wenye dawa ya kuzuia kuoza, na chuma kisichong'aa. Huo ulifika mwishoni mwa vita, na uliendelea kutumika miaka ya baadaye. Baadaye tena, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukaja muundo wa 1958, wa kijani kilichokolea, na mikanda yake myembamba ya matumizi mengi ndiyo inayojaa katika mitumba ya Ulaya hadi leo. Tafadhali usiufue mkanda kwa maji moto wala sabuni ya unga kabla hujaufanyia uchunguzi huu. Blanco ikishatoka imetoka, na pamoja nayo hutoka wino.

Sasa muhuri. Tafuta upande wa ndani, karibu na ncha, na uinamishe mkanda ili mwanga uje kwa ubavu. Wino uliofifia huonekana kwa mwanga wa pembeni kuliko wa juu. Kitu cha kwanza kukitafuta ni mshale, yaani mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kuku. Hiyo ni alama ya kale ya mali ya serikali ya Uingereza. Mshale ukiwa peke yake, mkanda ulikubaliwa na Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C, ni wa Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni wa Afrika Kusini, iliyoitwa Muungano wakati ule. Ukiwa na herufi I chini yake ni wa India, na ukiwa katikati ya D mbili ni wa Australia. Karibu na mshale huwa pana mwaka na herufi za mtengenezaji. M.E.Co. nimeitaja. B.H.G. ni Barrow, Hepburn na Gale, watengenezaji wa bidhaa za ngozi kwa asili. M.W.&S. ni M. Wright na Wanawe wa Leicestershire. Z.L.&T. ni kiwanda cha Zephyr Loom and Textile cha Kanada, na mkanda wenye herufi hizo unatakiwa uwe na mshale ndani ya C. Kama una mshale mtupu, rudi mwanzo uanze upya kuupima.

Wakongo na majirani zao wa Burundi na Rwanda wanaweza kukutana na herufi ABL pamoja na mwaka wa miaka ya 1950. Hizo ni za jeshi la Ubelgiji, kwa Kifaransa na Kiholanzi kwa pamoja, na vifaa vyao vya wakati huo vilifanana mno na vya Kiingereza vya 1937, hata bila muhuri ni vigumu kuvitenganisha kwa kuvitazama tu. Wamarekani wao walipiga U.S. kubwa upande wa nje, na jina la kiwanda na mwaka upande wa ndani, kwa mfano Boyt, watengenezaji wa hatamu za farasi kutoka Iowa. Mikanda yao ya awali ya vita ni ya rangi ya mchanga. Kuanzia 1943 hivi ikageuka kijani kilichokolea. Ukiona namba ndefu ya mkataba inayoanza na DSA 100, herufi za wakala wa ugavi wa jeshi la Marekani (Defense Supply Agency), tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa fedha: 67 ni 1967. Wakala huo ulibadilishwa jina mwaka 1977, na herufi zikawa DLA.

Namba ndefu zaidi, zilizogawanywa kwa vistari, ni za mfumo wa NATO, na zinasomeka vizuri sana. Tarakimu nne za mwanzo ni kundi la kifaa. Kundi la 8465 ni vitu anavyobeba askari mwilini, na 1005 ni silaha ndogo na viambatisho vyake, kwa hiyo mkanda wenye 1005 ni wa bunduki, hata kama muuzaji anasisitiza kuwa ni wa begi. Katika namba zenye tarakimu 13, mbili zinazofuata kundi hutaja nchi: 99 ni Uingereza, 12 ni Ujerumani, 14 ni Ufaransa, 21 ni Kanada, 00 na 01 ni Marekani. Hapo ndipo, hatimaye, mkanda wa Mjerumani hupatikana kweli sokoni kwetu, lakini ni Mjerumani wa baada ya vita, ameletwa na robota la mitumba.

Kuhusu bandia, zipo, na nyingi hazikutengenezwa kwa nia mbaya. Zilitengenezwa kwa ajili ya filamu na kwa watu wanaoigiza vita vya kale huko Ulaya. Tatizo huanza zinapouzwa mara ya pili bila maelezo. Ufumaji wake huwa mlegevu, mkanda hukunjika kwa urahisi mno, na wino huwa mweusi, mkali, ulionyooka kila herufi. Taa ndogo ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, husaidia kidogo: uzi wa kisasa wa kushonea hung'aa buluu kwa sababu ya kemikali za kung'arishia. Lakini mkanda halisi uliofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nao hung'aa, kwa hiyo taa isitoe hukumu peke yake. Ukiwa na uzi uliokwisha kutoka wenyewe, uchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni huyeyuka ikawa tone gumu. Nailoni katika mkanda unaodai kuwa wa 1942 inamaliza mjadala.

Kuna jambo la sheria ambalo silipuuzi, wala msomaji asilipuuze. Sheria za nchi zetu zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi, na mwaka 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, liliwataka raia wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe. Mkanda wa pamba wa 1941 uliokatika si sare ya jeshi lolote la leo, lakini mkanda wa kijani wa miaka ya karibuni, hasa wenye alama za jeshi letu lenyewe, sipendekezi ununuliwe wala uvaliwe. Mimi huiweka mikanda mezani na kwenye sanduku, siivai. Anayeufunga kiunoni akapita nao stendi anajitafutia usumbufu usio wa lazima.

Mwisho, angalia kama kuna kitu kilichoandikwa kwa mkono. Askari waliandika namba zao za jeshi ndani ya mikanda kwa kalamu ya rangi, kwa wino, na wakati mwingine kwa kugonga tarakimu moja moja kwenye ncha ya shaba. Namba hiyo ina thamani kuliko mshale, kuliko mwaka na kuliko kiwanda, kwa sababu ndiyo pekee inayomtaja mtu. Ipige picha kabla hujagusa chochote, kwa mwanga wa kila upande. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliofariki ambayo yeyote anaweza kuitafutia kwa namba ya askari, na ndani yake wamo Keya wengi ambao majina yao yameandikwa kwenye nguzo za mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya Taukkyan, nchini Myanmar, palipo na majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Namba peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa mikanda ilirudishwa stoo ikagawiwa tena, na vikosi tofauti viliweza kuwa na namba zinazofanana. Ila ikiwa mkanda umetoka kwa familia, na familia hiyo ina jina la babu na kikosi chake, muulize muuzaji aliupata nyumba gani na kata gani, andika majibu yake kwenye kitambaa cheupe kwa kalamu ya risasi, ukifungie kwenye bizimu kwa uzi, bila kukishona. Na siku ukiamua kuuza, uza pamoja na kitambaa hicho.